Mbio za Kunyoa Kondoo: Wa Kwanza Kumaliza Hushindwa Vilevile

Mabibi na mabwana, nianze na kondoo mwenyewe. Mnyoaji humkalisha kitako, mgongo wa mnyama ukiegemea miguu ya mtu. Hapo hutulia, maana kwato haziko chini na hana pa kujisukumia. Mkono wa kulia umeshika mashine, lakini ukitaka kumjua fundi, tazama wa kushoto: ndio unaovuta ngozi, makunyanzi yakanyooka, meno ya chuma yakapita bila kujeruhi.

Watu walishindana kabla ya kuwapo vikombe. Katika mabanda ya Australia malipo yalikuwa kwa idadi ya kondoo, kwa hiyo kila siku ilikuwa mashindano. Mwaka 1892, huko Queensland, Jackie Howe alinyoa kondoo 321 kwa saa 7 na dakika 40. Kwa mkasi wa mkono! Pigeni hesabu: kila kondoo chini ya dakika moja na nusu. Mashine zilikuwa zimeshaingia, maana Frederick Wolseley alizihangaikia tangu miaka ya 1870, lakini hadi mwaka 1950 hakuna mwenye mashine aliyempita Howe. Hata leo fulana ya kazi isiyo na mikono huitwa kwa jina lake kule.

Mchezo wenyewe ulikomaa New Zealand. Ndugu wawili, Godfrey na Ivan Bowen, waliupanga unyoaji upya: mikato mirefu, hatua za miguu zenye mpangilio, mkono wa kushoto ukifanya kazi yake. Mwaka 1961 yakaanza mashindano ya Golden Shears katika mji wa Masterton, na Ivan akatwaa taji kuu la kwanza.

Sasa sikilizeni utamu ulipo. Kila sekunde 20 ni pointi moja, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Ukimtangulia mwenzako kwa dakika nzima, umemwacha kwa pointi 3 tu, na makosa nayo huongeza pointi. Jaji aliyesimama karibu nawe anahesabu kila ulipopitisha mashine mara mbili mahali pamoja, kwa sababu mpito wa pili hutoa vinyweleo vifupi vinavyoharibu uzi. Nyuma ya jukwaa, zizini, majaji wengine wanamkagua kondoo aliyenyolewa: manyoya yaliyosazwa, ngozi iliyochanwa. Nani alimnyoa, wao hawajui. Binafsi naona huko zizini ndiko mshindi anakopatikana. Jukwaani ni kelele.

Mwaka 1977 Uingereza iliandaa mashindano ya kwanza ya dunia. Baadaye akaja David Fagan wa New Zealand, aliyechukua taji kuu la Masterton mara 16, na nchi yake ikampa cheo cha Sir. Kwa kunyoa kondoo, ndiyo, msicheke.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.