Furaha Katika Nyumba Yenye Watu Wengi

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za Jumamosi? Asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi asubuhi ya mzazi wa Dar es Salaam ilivyo: nguo za wiki nzima zinasubiri, kikoba kinasubiri, kikao cha harusi ya mtoto wa jirani kinasubiri, na hapo katikati mtu anakwambia twende tukasikilize mada ya furaha. Mmefanya jambo jema.

Niseme mapema ninachokiamini, ili hata anayewahi gari aondoke nacho. Naamini furaha ya mtu mwenye familia imo humohumo ndani, kwenye kelele zao, mradi akili yake nayo iwemo. Na naamini mtu aliyeachiwa kazi zote za nyumba hawezi kuiona, hata imsimamie mbele. Hayo mawili ndiyo yaliyonileta.

Kwetu tuko saba: mimi, mwenzangu, watoto watatu, mama mkwe, na shemeji yangu anayesoma chuo. Choo ni kimoja. Nilipoanza kuitafuta furaha nilifuata ushauri ambao kina mama wote humu tumewahi kupewa: jitengee muda wako peke yako. Nikawa naamka saa kumi na moja kasorobo, nyumba nzima imelala, nakaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi.

Sasa sikilizeni. Siku moja sijafika nusu ya kikombe, mlango ukalia nyiii. Kitinda mimba wangu huyo, ana miaka minne, kajifunga khanga ya bibi yake hadi kifuani. "Mama, mbona unakunywa peke yako?" Nikampa kidogo. Mara kaka yake naye huyu hapa, anataka kujua kwa nini mdogo wake anapewa chai usiku wa manane. Mama mkwe aliposikia sauti akajua kumekucha, akatoka na mswaki mkononi. Mpaka inaadhiniwa alfajiri, baraza imejaa na shemeji anauliza kama kuna mihogo. Nikamenya mihogo, nikachemsha. Tulicheka asubuhi ile mpaka jirani akafungua dirisha kuuliza kuna shughuli gani na mbona hakualikwa.

Mume wangu akaona tutafute njia nyingine. Twende Bagamoyo, mimi na yeye tu, si mbali. Ila watoto lazima waachiwe bibi yao, kwa hiyo ilibidi aambiwe. Mama akasema, "Bagamoyo? Nina ndugu yangu pale, sijamwona tangu msiba." Hapo safari ilishabadilika. Tuliondoka wote kwenye Noah ya kukodi, na siti niliyopanga kukaa karibu na mume wangu ikakaliwa na sufuria la pilau. Tulifika magofu ya Kaole, tukaona msikiti wa kale na makaburi, kisha tukaonyeshwa mbuyu ambao wenyeji husema ukiuzunguka unaongezewa miaka ya kuishi. Watoto waliuzunguka wakikimbia. Mama mkwe akauzunguka taratibu, mkono kiunoni, raundi baada ya raundi, halafu akamtazama mwanawe: "Bado nipo sana." Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ile picha ya mama pale mbuyuni ndiyo niliyoiweka kwenye simu yangu hadi leo.

Nikaanza kujiuliza: kama furaha zote mbili zimekuja na umati, kwa nini siku nyingine umati huohuo unanichosha? Nikasoma. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wao juu ya wanawake 909 wafanyakazi wa Texas, Marekani. Waliwaomba waisimulie siku iliyopita kipande kwa kipande, na waseme walijisikiaje kwenye kila kipande. Kulea watoto kulikuja chini ya kupika, chini hata ya kutazama televisheni. Kilichoshika mkia ni safari ya kwenda kazini. Hao ni wanawake wa Texas. Fikirieni mama anayesubiri gari Kimara saa mbili usiku na mfuko wa nyanya mkononi.

Watu wengine wakisikia hivyo husema, basi watoto ni mzigo. Mimi sikubali. Wanawake wale waliulizwa habari za jana, na jana ya mama inajaa haraka: vaa viatu, kula, tunachelewa. Mtu anayekimbizwa na saa hapati nafasi ya kumwonja mtoto wake.

Kuna utafiti mwingine ulionigusa zaidi, wa Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 2010. Walitumia programu ya simu kuwauliza watu 2,250, kwa kuwashtukiza: sasa hivi unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa, watu walikuwa wanawaza kitu tofauti na wanachokifanya. Na akili ilipokuwa kwingine, furaha ilipungua. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwazidi waliotulia kwenye shughuli iliyo mbele yao.

Niliposoma hayo nikakumbuka kusuka. Shule ya binti yangu inaruhusu nywele, mradi iwe twende kilioni. Kwa hiyo kila Jumapili jioni natandika mkeka, anakaa kichwa kikiwa kati ya magoti yangu, kitana kipo, kopo la mafuta ya nazi lipo. Mikono ikishakolea mafuta huwezi kugusa simu. Kundi la wazazi wa darasa linalia, kundi la michango linalia, acha vilie. Nachambua, nagawa, napaka mafuta, nasuka. Na mtoto huzungumza vizuri akiwa amekupa kisogo. Pale ndipo aliponiambia kuna msichana darasani hakuna anayetaka kukaa naye, na yeye ameomba ahamie dawati lake. Sikuona uso wake. Niliona shingo tu, na masikio yanavyosogea akiongea. Nilibana midomo nisilie, maana angegeuka na mstari ungepinda. Mama yeyote humu angeinunua furaha kama ile kwa bei gani?

Lakini Jumapili ile haikuja yenyewe. Ilibidi kazi zigawanywe, na hapa nazungumza na kina baba mlioko nyuma. Tulikaa mezani na daftari la shule, tukaandika kila kazi ya nyumba. Mwanangu mkubwa alisoma kwa sauti, ukurasa ukaisha, akafungua wa pili. Mume wangu alisikiliza kimya, kisha akauliza kwa upole, "Hata kukumbuka tarehe ya chanjo ni kazi?" Nikamwambia ndiyo, baba, kukumbuka ni kazi. Hakubisha. Alichukua uji wa asubuhi, kupiga pasi sare, na umeme wa LUKU. Shemeji akachukua maji, maana kwetu hutoka usiku na ndoo lazima zijazwe. Mama mkwe mwenyewe akadai mboga: "Kuchambua mchicha niachieni, nikiwa nimekaa sijambo."

Wenye dada wa kazi nyumbani, msimsahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki, na dada ni mfanyakazi. Naye ana kwao, ana rafiki, ana nywele za kusukwa. Sioni tunavyoweza kuitafuta furaha yetu juu ya mgongo wa binti ambaye hajapumzika tangu mwezi uanze.

Ombi langu ni dogo. Leo jioni chukueni daftari, kila mmoja aliyemo nyumbani awepo, andikeni kazi zote, hata zile za kukumbuka, halafu kila mtu achague. Baba asiache kuchagua. Na wewe mama, ukishapokonywa kazi usisimame nyuma yake kumwelekeza uji unavyokorogwa. Ukitoka na madonge, watoto wataunywa na madonge. Wa kwetu waliyapenda, sasa wanayaulizia.

Nimemaliza. Maswali sasa, tuanze na kina baba.