Ekari moja Njoro: pima mzunguko kabla hujanunua seng'enge

Habari zenu watu wangu. Leo niko Njoro, shambani kwa mama, na hizo posti mnazoziona nyuma yangu nimezileta mwenyewe, maana kazi yangu ni kuuza posti. Kila siku naulizwa, "Ekari moja inakula waya kiasi gani?" Siwezi kukujibu bila kuliona shamba. Ekari ni eneo, waya unafuata mzunguko. Ekari ya mraba ina karibu mita 64 kila upande, mzunguko wake kama mita 255. Hii ya mama ni ndefu na nyembamba. Tuone.

Tafuta bikoni zote nne, yaani alama za mpaka kwenye kona, fyeka, vuta kamba ya nailoni. Hiyo mnaijua.

Sasa tepu. Yangu ni ya mita 30. Kila ikiisha, chomeka kijiti. Kijiti, tafadhali, usihesabu kichwani! Nilipokuwa nikipima shamba la mjomba kule Molo, mtu alinisalimia kutoka barabarani nikaruka tepu moja. Mita 30 kwa laini tano za waya ni mita 150. Laini ya juu iliishia katikati ya shamba Jumamosi jioni, maduka yamefungwa, na ng'ombe wa mjomba wakalala kwa jirani. Kwa hivyo kijiti. Ukifika kona, rudi ukivihesabu huku unaving'oa.

Ngoja, ngoja. Leta kamera hapa chini. Mnaona tepu imenaswa kwenye majani ya napia? Imepinda, inasoma 12 na nusu. Naitoa... navuta... 11. Vijiti vitatu ni 90, jumla 101. Na hapa panapoteremka, laza tepu juu ya udongo. Ramani ya shamba hupimwa kana kwamba ardhi ni tambarare, lakini waya wako utashuka na mteremko.

Pande nyingine nimeshapima: 40, 41 na 98. Jumla mita 280. Ni ekari ileile, lakini imezidi ya mraba kwa mita 25! Toa geti la mita 4, zinabaki 276. Mara laini tano, 1,380. Ongeza tano kwa mia ya kufungia kwenye kona, unafika 1,449.

Soma lebo ya roli. Hii imeandikwa mita 480. Roli tatu ni 1,440, umepungukiwa mita 9. Nunua ya nne, usijaribu kuvuta waya ufike. Ukikatika unakuchana mkono. Itakayobaki utazungushia boma la mbuzi.

Posti naziweka kila mita 3. 276 gawa kwa 3 ni nafasi 92, lakini geti limekata mzunguko, una mwanzo na mwisho, kwa hivyo posti ni 93. Halafu za kuegemeza: mbili kila kona, moja kila upande wa geti. Hizo ni 10. Watu huzisahau, na waya ukikazwa kona inainama. Jumla 103. Mimi kwenye kona napenda mtarakwa, hauliwi na mchwa kirahisi. Katikati, mkaratusi uliotiwa dawa unatosha.

Misumari ya U, mitano kila posti, isipokuwa zile za kuegemeza. 465.

Mama anauliza geti litaelekea wapi. Barabarani, mama, pale pale ulipotaka. Mdogo wangu, lete jembe, tuanze na kona hii.