Lumbesa ya angani: namna ya kukifuata kitu hafifu chenye tabia ya nyota-mkia

(Mhadhara wa jioni kwa walimu na wanafunzi wa sayansi, Dodoma)

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za jioni. Na nyie vijana mliojazana huko nyuma mpaka mlangoni, hamjambo? Projekta imegoma, kwa hiyo nitachora ubaoni. Wanafunzi wangu wanaujua mwandiko wangu, wawasaidie wageni kusoma.

Ukitaja nyota-mkia, watu wanakumbuka picha za kalenda: mkia mrefu, anga nzima inawaka. Leo naongelea nukta. Nukta ambayo ukiiweka pichani katikati ya nyota mia tano, hata mimi siwezi kukuonyesha ni ipi. Haina mkia, haina ukungu. Sasa nani kakwambia si jiwe tu?

Tumchukue Chiron. Mwaka 1977, mwanaastronomia Charles Kowal alikuwa akikagua picha zilizopigwa kwenye kituo cha Palomar, California, akakuta alama iliyosogea kidogo mno. Mnaosafiri na basi kwenda Morogoro mnajua: mibuyu ya kando ya barabara inakupita mbio, ila vilima vya mbali vinakwenda nawe taratibu. Dunia ndiyo basi letu. Kitu kinachosogea pole pole mbele ya nyota kwa kawaida kiko mbali, na hiki kilikuwa mbali kweli, huko ng'ambo ya Zohali. Wakakiandika kwenye daftari la asteroidi, yaani mawe yanayozunguka Jua, namba 2060.

Lakini kusogea kidogo hakukupi njia nzima. Mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe akikuta kwato tatu ndani ya hatua moja, atajua mnyama alielekea upande gani, basi. Hajui kama mbele alikata kona kwenda mtoni. Akikuta alama nyingine kule bondeni na nyingine ng'ambo ya mlima, hapo sasa anaweza kukaa akamsubiri kisimani. Mwaka 1801 mwanaastronomia Giuseppe Piazzi aliiona Ceres, mwamba mkubwa unaozunguka Jua, kwa siku 41 tu kabla haijapotelea upande wa Jua. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, akakokotoa njia yake kwa kutumia nafasi tatu, na mwisho wa mwaka ikaonekana karibu na pale alipoelekeza. Kwa Chiron walipata bahati kubwa zaidi: walirudi kwenye makabati ya picha za zamani wakaikuta imepigwa bila mtu kujua, mpaka picha ya mwaka 1895! Kwato za bondeni hizo. Ikajulikana inazunguka Jua kwa miaka kama 50. Ikikaribia, inakuwa mbali na Jua mara 8.5 ya umbali wetu sisi; ikienda zake, inafika karibu mara 19.

Hapa niwaungamie jambo. Kila nafasi unayopima ina vitu viwili, mahali na wakati, na wengi wanahangaika na mahali tu. Mwaka mmoja tulikuwa tunafanya mazoezi na Vesta, asteroidi ambayo kamera ya kawaida kwenye kigoda inaipata bila shida. Mwanafunzi kaandika kwenye daftari "2:15". Nikaingiza kwenye programu 02:15, saa za dunia, yaani UTC, saa moja inayotumika kote. Jibu likaja kwamba Vesta imehama, iko pembeni kwa sekunde za tao 450 (kipimo kidogo cha pembe angani, si cha muda), yaani robo ya upana wa Mwezi mpevu. Nikalaumu kamera. Nikalaumu lenzi. Siku mbili nzima! Kumbe mtoto wa watu kaandika saa yetu, saa mbili na robo usiku. Hiyo ni 20:15 kwa saa za Afrika Mashariki, na 17:15 kwa saa za dunia. Nimekosea saa 15, na Vesta inakwenda sekunde za tao kama 30 kila saa. Zidisheni wenyewe. Kosa halikuwa la mwanafunzi.

Turudi kwenye mwanga, maana ndiko Chiron alikojisaliti.

Mng'ao tunaupima kwa madaraja, na namba ikipanda mwanga unapungua. Nje kabisa ya taa za mji jicho linafika daraja la 6. Tofauti ya madaraja matano ni mara 100. Chiron, hata ilipolikaribia Jua mwaka 1996, ilikuwa karibu daraja la 16: hafifu mara elfu kumi kuliko nyota ya mwisho unayoweza kuiona kwa macho.

Jiwe kavu halina siri. Linarudisha mwanga wa Jua tu. Umbali wake kutoka kwenye Jua ukiongezeka mara mbili, linapokea robo. Na umbali wake kutoka kwetu nao ukiongezeka mara mbili, tunapata robo ya hiyo robo. Moja ya kumi na sita. Ukishaijua njia, basi unajua umbali wa kila usiku, na unaweza kuandika mapema mng'ao utakaouona. Ndiyo maana njia inatangulia. Bila njia, namba ya mng'ao ni kama bei bila kujua ni ya kilo au ya gunia.

Mwaka 1988 mwanaastronomia David Tholen na wenzake waliipima Chiron wakakuta mwanga unakaribia mara mbili ya ulioandikwa. Hakuna jiwe linalofanya hivyo. Mwaka uliofuata Karen Meech na Michael Belton wakauona ukungu wenyewe, mwembamba, umeizunguka. Na ilikuwa mbali na Jua karibu mara 12 ya umbali wetu, mahali ambapo barafu ya maji imekaza kama zege. Mshukiwa mkuu ni kaboni monoksaidi iliyoganda, ambayo hufuka hata kwenye baridi ya huko na kupeperusha vumbi. Leo Chiron ana vitambulisho viwili halali: 2060 kwa asteroidi, 95P kwa nyota-mkia.

Naona mkono. Sema, binti.

"Mwalimu, na vumbi la Dodoma je? Si litapunguza mwanga tukaandika uongo?"

Swali zuri, na mwezi wa nane upepo ukianza mtaniambia. Na siyo vumbi tu. Tangu serikali ihamie hapa, taa upande wa Mtumba zimeng'arisha anga. Dawa ni kutopima kitu peke yake. Katika picha hiyohiyo kuna nyota ambazo mng'ao wake unajulikana. Vumbi likipunguza kitu chetu, limezipunguza na zenyewe. Unalinganisha. Halafu unachora duara kuzunguka nukta, unajumlisha mwanga wote wa ndani, unatoa mwanga wa anga tupu, kama muuza asali anavyotoa uzito wa chupa.

Shida inakuja duara liwe kubwa kiasi gani. Hapa ndipo nyota-mkia inapowakosesha watu. Nyota ni gunia lililoshonwa mdomoni. Nyota-mkia ni lumbesa: kuna kilima juu ya gunia. Ukiweka duara dogo, umepima gunia na kuacha kilima. Ukiweka kubwa mno, umebeba na nyota ya jirani. Mimi napima kwa maduara matatu tofauti na kuyaandika yote. Kwa nyota, jumla hugota mapema. Ikiwa kwa nukta yako inazidi kupanda kila ukipanua duara, wakati nyota za jirani zimeshagota, hiyo ina kilima, hata kama jicho halikioni.

Chiron ilifika mwisho wa mbali mwaka 2021, imegeuka. Italikaribia Jua tena kwenye miaka ya 2040, na nyie mlioko mlangoni mtakuwa na darubini zenu. Sisi usiku huu tunaanza na Vesta. Kamera mbili ziko tayari uwanjani. Wenye koti wavae, kuna baridi. Na kabla hujabonyeza chochote, njoo kwangu tuweke saa ya kamera kwenye saa za dunia. Daftari nitaandika mwenyewe.