Mdoli Anayelia Shingoni: Nimefika Naruko

Subirini kwanza, nisogeze maiki. Haya, sikilizeni... kwii, kwii. Mmesikia? Nimemgeuza shingo tu. Hana betri, hana spring, ni mti mtupu.

Habari za huko nyumbani jamani! Leo niko Naruko, mkoa wa Miyagi, kaskazini-mashariki mwa Japani. Kutoka Tokyo nimepanda shinkansen, ile treni yao ya mwendo kasi, mpaka Furukawa, kisha nikahamia kale katreni ka milimani kanakokwenda taratibu. Ukishuka tu, pua inapokewa na harufu ya mayai viza. Msicheke, ni salfa. Huu ni mji wa chemchemi za maji moto.

Na mdoli huyu anaitwa kokeshi. Jana nilimwonyesha mama kwa video, swali lake la kwanza: "Na mikono yake iko wapi?" Hana mikono, mama, wala miguu. Nikamkumbusha kwamba sisi tulibeba gunzi la mahindi mgongoni tukaliita mtoto, na hakuna aliyeuliza mikono! Kwa kokeshi sababu ni ya kifundi. Anakerezwa, na kwenye mashine ya kukereza mti unazunguka huku patasi inaukwangua, kwa hiyo kinachotoka ni cha mviringo. Watu wa pwani, fikirieni ile miguu ya vitanda vya zamani.

Mafundi wa milima hii walikuwa wakikereza mabakuli na sinia. Wakulima walikuja kujiloweka maji moto wapumzishe migongo baada ya mavuno, na kurudi nyumbani mikono mitupu si vizuri, watoto wanangoja. Basi, mwanzoni mwa karne ya 19 hivi, mafundi wakaanza kuwatengenezea midoli.

Sasa ile sauti, maana ndiyo iliyonileta. Kichwa na mwili hukerezwa mbalimbali. Kichwa huachiwa kishingo chenye ncha nene, na mwili hutobolewa tundu dogo kuliko ile ncha. Halafu mwili unazungushwa kwa kasi, fundi anakamata kichwa na kukisukumiza ndani kwa nguvu. Msuguano unapasha mti joto, unalia kwa ukali, mara kichwa kimeingia! Hakitoki tena, ila kinazunguka, na kila kikizunguka kinakwaruza ndani ya tundu. Nimetazama fundi mmoja akifanya hivyo, mwili ukanisisimka. Anaweza kuukosa mkao mara moja tu, na mti uliokaushwa miezi mingi ukapasuka.

Halafu jina Naruko lenyewe huandikwa kwa herufi mbili: moja ya kulia au kutoa sauti, nyingine ya mtoto. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu dukani.

Mtazameni na umbo. Kiuno kimebonyea kidogo, mabega yana ngazi, nywele za mbele zimefungwa utepe mwekundu, na tumboni maua ya krisanthemamu yamepandana. Mistari ya mabegani huchorwa mti ukiwa unazunguka: fundi anagusisha brashi tu. Kokeshi wa Togatta, mkoa huuhuu, kichwa chake hakigeuki, ila utosini ana mistari myekundu kama petali. Kwa uzuri wa sura nampa yule wa Togatta, lakini hasemi kitu!

Na wale mlioniandikia kwamba hawa ni mizimu ya watoto waliouawa, eti jina lina maana ya "kufuta mtoto". Hapana, wapenzi wangu. Zamani kila kijiji kilimwita kwa jina lake: deko, kideko, kogesu. Mwaka 1940 wapenzi wa midoli hii na mafundi walikutana hapahapa Naruko wakaafikiana jina liwe kokeshi, liandikwe kwa hiragana, herufi za sauti tupu zisizobeba maana. Ile hadithi ya kutisha ilizuka baadaye, midoli ikiwa tayari na umri mkubwa.

Huyu nimemnunulia binti wa dada yangu. Bei siisemi, dada anatazama. Chini ya kitako kuna jina la fundi kwa wino, kwa hiyo, dada, asiogeshwe kwenye beseni. Na usiku mfungie kabatini, maana namjua mwanao, mtakesha na kwii, kwii mpaka alfajiri.