Wali wa Dunia Nyingine

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuniita. Aliyepanga ratiba hii ana moyo mgumu: kaniweka saa sita na nusu, watu wana njaa, halafu kanipa mada ya chakula. Nitajitahidi tusichelewe.

Nianze na mpunga. Hapa Mjapani na Mswahili wanaelewana upesi. Sisi tuna mpunga shambani, mchele dukani, wali sahanini, na mtoto akichanganya anachekwa. Wao wana ine, kome na gohan, vivyo hivyo. Ila gohan imekwenda mbali zaidi: ni wali, na pia ni mlo wowote ule. Kifungua kinywa ni "wali wa asubuhi", hata kama mezani pana mkate na yai. Neno jingine la gohan, la kijiweni kidogo, ni meshi. Na watu walioishi pamoja wakahangaika pamoja husemwa kwamba wamekula meshi ya chungu kimoja.

Sasa mchukue mtu wa lugha hiyo umtupe katika dunia isiyo na mpunga. Hapo ndipo zinapoanzia nyingi ya manga, hadithi za katuni za Kijapani, ziitwazo isekai, yaani dunia nyingine. Mnaozisoma mnajua: kijana anagongwa na lori, anazinduka kwenye nchi ya majoka na wachawi, anakabidhiwa upanga. Mimi upanga haunishughulishi. Nafuatilia nani anapika na nani anapakuliwa.

Nyuma ya hadithi hizi kuna woga wa kale. Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712, kinamsimulia Izanami, mungu wa kike aliyekufa kwa kumzaa mungu wa moto. Mumewe, Izanagi, akamfuata kuzimu ili amrudishe. Mke akamjibu kwamba amechelewa, ameshakula cha jiko la huko. Ukishakila, wewe ni wa huko. Bibi yangu angekielewa kisa hiki bila mkalimani. Alikuwa akituonya: ukijikuta ugenini kwa majini, ukaletewa sinia la wali unaofuka moshi, shukuru, usiguse.

Izanagi akatimua mbio, majike ya kuzimu nyuma yake. Akatupa pambo la kichwani, likageuka zabibu. Yale majike yakasimama kula. Akatupa meno ya kitana, yakawa machipukizi ya mianzi. Yakasimama tena kula. Kwa hiyo hata kuzimu njaa ipo.

Manga za leo zimeuchukua woga huo zikaupindua. Naam, chakula cha huko kinakufunga huko. Lakini zinauliza: kufungwa na nani?

Mfano wangu wa kwanza mashabiki wakali wataukataa, maana hakuna mtu aliyetoka Japani ndani yake. Dungeon Meshi ya Ryoko Kui, iliyotoka kati ya 2014 na 2023, majuzuu 14. Siwezi kuiacha. Ambaye hajaisoma azibe masikio, maana nitamwaga mchele wote. Laios na wenzake wanashindwa na joka jekundu shimoni. Dada yake, Falin, anawaokoa wote kwa uchawi kisha yeye mwenyewe anamezwa. Wanataka kurudi kumtoa kabla hajasagwa tumboni, lakini hawana pesa wala chakula. Basi wanaamua kula mazimwi njiani. Sisi tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Humu binadamu ndiye anayemla zimwi, na anamla mpaka mifupa.

Mlo wa kwanza ni mchuzi wa nge mkubwa na uyoga unaotembea. Anayewasaidia kuupika ni Senshi, kibete mwenye ndevu ndefu na sufuria iliyowahi kuwa ngao. Huyu mzee ndiye roho ya kitabu. Haulizi kwanza umetoka wapi wala una nguvu gani, anauliza umekula nini. Anataka mboga ziwemo, nyama isizidi. Marcille, mchawi msomi, anapiga kelele kila sufuria inapofunguliwa, kisha anamaliza bakuli. Nyote mna mtu wa namna hiyo kwenu.

Mbele kabisa tunagundua kwa nini Senshi yuko hivyo. Alipokuwa kijana alinaswa shimoni na wazee wa kundi lake. Chakula kikawaishia, nao walimtanguliza yeye kwa kuwa ndiye mdogo. Mwisho wakabaki wawili, na yule mkubwa akamletea supu ya nyama. Akamwambia ni ya mnyama mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba. Senshi hakuamini. Akaishi miaka na miaka na hofu kwamba alimla mwenzake. Hakuwahi kumwambia mtu, wala hakuthubutu kuonja nyama ya mnyama yule alinganishe. Mpaka Laios, kijana ambaye watu wanamwona mjinga kwa jinsi anavyopenda mazimwi, anaichambua habari na kuona kwamba pengine mnyama mwenyewe alikuwa wa jamii nyingine, nusu tai nusu farasi. Nyama ya huyo inapikwa, Senshi anaonja, na ladha ni ile ile. Mzee analia bakuli likiwa mkononi.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kinachomponya ni ulimi wake mwenyewe, na kundi lililokubali kuketi naye.

Sasa mfano ambao watu wengi wanaupenda kuliko mimi. Hadithi ya Ren Eguchi, ambamo mwajiriwa wa kawaida, Mukouda, anaitwa dunia nyingine kimakosa. Kipaji chake cha pekee ni kuagiza bidhaa za supamaketi ya Japani zikamfikia porini. Anakaanga nyama kwa tangawizi na sosi ya soya, harufu inamvuta mbwa mwitu mkubwa wa kutisha, Fel, naye anadai wafunge mkataba papo hapo ili apikiwe kila siku. Inachekesha sana. Lakini Mukouda hakulazimika kuuliza wenyeji wanapika nini: kabeba duka lake mgongoni. Wale wenzetu walioko Muscat au Minnesota, wanaojua kusaka unga wa ugali mji mzima, watamwonea wivu. Mimi nadhani ule msako nao una kazi yake.

Msome Miya Kazuki uone. Honzuki no Gekokujō, iliyoanza mtandaoni 2013 kabla ya kuchorwa manga, inamhusu msichana mpenda vitabu anayefukiwa na vitabu vyake, akazaliwa upya ndani ya mwili wa Myne, mtoto mgonjwa wa familia maskini. Baba askari wa lango, mama mtia nguo rangi, dada anaitwa Tuuli. Mchele hakuna, sosi ya soya hakuna. Huyu hana supamaketi. Anatazama kilichopo. Kuna tunda la majira ya baridi, parue, ambalo watu hulikamua maziwa na mafuta, kisha makapi huyatupia kuku. Yeye anayachukua yale makapi, anayachanganya na mayai na maziwa, anakaanga vitumbua. Anawalisha jirani yake Lutz na kaka zake, ambao kila siku wana njaa, nao wanamlipa kwa kazi za mikono. Chakula cha kuku, jamani!

Lutz huyo huyo ndiye anayekuja kugundua kwamba huyu siye Myne aliyezaliwa pale. Anamkabili, anamkasirikia, kisha anamkubali. Mgeni aliyeingia ndani ya mwili wa jirani yake, hadithi za bibi zingemwita jini.

Baadaye mtawala wa jimbo anamchukua Myne kuwa mtoto wake wa kulea. Mkataba wa kichawi unatiwa saini: yeye na wazazi wake hawaruhusiwi tena kutendeana kama familia. Jikoni kwake sasa wapo Hugo na Ella, wapishi hodari, wanapika kwa mapishi aliyoyabuni mwenyewe. Mama yake yuko mji wa chini na hana ruhusa ya kumwita mwanangu.

Naona mlango wa nyuma umefunguliwa na pilau limeanza kunukia. Maswali mawili tu, kisha tukale.