Taa ya Injini Haikuambii Jina la Spea: Kusoma Namba za Gari kwa Simu

Madereva, mafundi, na nyinyi mnaopanga kununua gari, habari za mchana.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, mara nyingi mambo huenda hivi: mwenye gari anasomewa kodi (namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari), anaambiwa sensa ya oksijeni imekufa, anakwenda soko la spea la Kisekka, Kampala, kutafuta nyingine, inafungwa, na baada ya siku mbili taa imerudi. Pesa imekwenda na ugonjwa bado upo. Kodi ni malalamiko tu. Ikisema P0171, maana yake kompyuta imeona hewa nyingi kuliko mafuta; imeona hivyo kwa nini, haijui. Jibu hupatikana kwenye namba zinazobadilika wakati injini inaunguruma, na namba hizo simu yako inaweza kuzisoma.

Tuanze na kifaa. Chini ya usukani kuna soketi ya pini 16. Pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote, ya 4 na ya 5 ni ethi, ya 6 na ya 14 ni njia ya data iitwayo CAN, ya 7 ni njia ya data ya zamani iitwayo K. Adapta tunazochomeka hapo huitwa ELM327, jina la chipu ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, lakini zile za bei ya chini ni nakala. Toleo 1.5 linaloandikwa kwenye nyingi halikuwahi kutolewa na kampuni yenyewe. Hata hivyo baadhi yake hufanya kazi vizuri kuliko nyingine zilizoandikwa 2.1, ambazo mara nyingi hukosa baadhi ya amri. Mwenye Android anunue ya Bluetooth. Namba ya siri huwa 1234 au 0000. Mwenye iPhone anahitaji ya Wi-Fi, ambayo anwani yake kwa kawaida ni 192.168.0.10, mlango 35000, au ile ya Bluetooth ya nishati ndogo. Programu ya Torque ni ya Android. Car Scanner ipo kwa simu zote mbili.

Chomeka adapta injini ikiwa imezimwa, washa swichi bila kupiga stata, kisha unganisha simu. Soma kodi na uziandike. Soma pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea: joto, mwendo, mizunguko, mzigo. Usifute chochote kwanza, kwa sababu ukifuta kodi, kumbukumbu hiyo nayo inafutika, na fundi atakayefuata anaanza gizani.

Gari likikataa kuunganika, usilaumu adapta haraka. Magari mengi ya barabara zetu yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na yale ya kabla ya 2008 hivi yanaweza kuwa na soketi ileile lakini yakazungumza lugha yao wenyewe. Toyota kadhaa za kundi hilo hutumia njia ya K kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde badala ya 10400. Kwenye Torque, mahali pa kuandika amri za kuanzia za gari, ATIB 96 hubadilisha kasi hiyo na ATIIA 13 hubadilisha anwani ya kuamshia kompyuta. Baada ya hapo jaribu itifaki (lugha ya mawasiliano) ya 4, kisha ya 5. Sheria ya mwaka 2018 iliyozuia kuingiza Uganda gari lenye miaka 15 au zaidi inapunguza tatizo hili kidogo kidogo, ila magari ya 2003 hadi 2007 bado ni mengi. Kwenye njia ya K data huja polepole, kwa hiyo weka geji nne au tano tu kwenye skrini.

Sasa joto la maji, namba ambayo ningependa kila dereva wa Kampala aijue kwa moyo. Thamostati ya injini nyingi ndogo za Toyota hufunguka karibu nyuzi 82, na pangaboi la umeme huwaka karibu 95. Injini iliyopata moto inapaswa kukaa kati ya 82 na 95. Ikifika 90 kwenye foleni ya Clock Tower halafu ikashuka hadi 65 ukiwa barabara kuu ya Entebbe, basi thamostati imekwama wazi au kuna mtu ameitoa. Kuitoa ni mazoea mabaya sana ya gereji zetu, eti nchi ni ya joto. Kompyuta ikiona 65 inaamini injini bado inapata moto, inaongeza mafuta, na oili inachakaa mapema. Kinyume chake: kawaida barabarani lakini inapanda kwenye foleni, angalia pangaboi na rilei yake. Inapanda ukikaza mlima kwa kasi, shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji au gasketi ya hedi.

Kuna jambo la mwinuko. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hapa maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 96. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 0.9, yaani shinikizo unalohimili, ndio unaosukuma kiwango hicho kupita 110. Mfuniko ukivuja, maji yanachemka pale pale pangaboi linapoanza kuwaka. Na maji yakipungua hadi sensa ibaki hewani, namba inaweza kushuka ghafla huku injini inaungua. Ukiona 104 imekuwa 70 kwa sekunde chache, simama uzime.

Mwinuko huohuo unadanganya kwenye sensa ya shinikizo la hewa, MAP. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, Kampala inapaswa kusoma karibu kPa 88, Kabale karibu 80. Majedwali ya watu wa pwani yanasema 101, na sensa nzima zimetupwa kwa sababu hiyo.

Turudi kwenye P0171. Fungua STFT na LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumlisha. Ndani ya 10 juu au chini si neno. Tuseme gari la sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia, limepata moto, limesimama, jumla ni +22. Kanyaga hadi mizunguko 2,500 ushikilie nusu dakika. Ikishuka hadi +5, kuna hewa inayopenya baada ya sensa: tundu dogo ni sehemu kubwa ya hewa injini inapovuta kidogo, na si kitu inapovuta nyingi. Kagua mikunjo ya mpira mkubwa wa hewa, mpira wa buusta ya breki na gasketi ya manifodi. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwa mafupi mafupi, mbali na ekzosi ya moto, kizima moto kikiwa karibu. STFT ikianguka ghafla, umefika penye ufa.

Ikiwa jumla ni ndogo gari likisimama lakini inapanda hadi +20 mlimani, mafuta hayafiki: filta imeziba au pampu imechoka. Au MAF ni chafu na inahesabu hewa pungufu. Injini ya lita 1.5 yenye moto, gari likiwa limesimama, bila AC, husoma karibu gramu 2 hadi 3 kwa sekunde. Isafishe MAF kwa dawa yake, usiguse waya. Ekzosi inayovuja kabla ya sensa ya oksijeni nayo huleta kodi hiyohiyo. Mnaona sababu ni ngapi kabla sensa yenyewe haijashukiwa.

Volti: 12.6 gari likiwa limelala, 13.5 hadi 14.7 injini ikiwaka. Adapta ikiachwa imechomekwa siku nyingi hula betri, ichomoeni. Na namba zisomwe na abiria au zirekodiwe. Dereva aangalie barabara.

Mwisho, mnaokwenda bondi, yaani yadi za magari yaliyoagizwa nje. Taa ya injini imezimika? Fungua ukurasa wa vipimo vya utayari (majaribio ambayo kompyuta hujifanyia) na ule wa umbali tangu kodi zifutwe. Vipimo vingi vikiwa havijakamilika na umbali ni kilomita 3, mtu amefuta kodi, au betri ilichomolewa. Omba kuliendesha dakika 40, njiani na kwenye foleni, halafu soma tena, hasa kodi zinazosubiri, ambazo bado hazijawasha taa, kabla hujalipa.