Msaidizi wa Kiswahili pale Berlin

Haya jamani, nianze na ol- na en-, msinicheke. Mmaasai akitaja kitu lazima akiweke upande, ol- ya kiume, en- ya kike, ndo sarufi yao ilivyo, basi. Ila profesa mmoja wa Kijerumani, Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, hilo simnyimi, 1912 akatoa kitabu cha lugha za hao aliowaita Wahamiti, humo kawatia Wamaasai, Wasomali, Wahausa, mpaka Wanama wa kule kusini, yaani lugha yako ikitenganisha jike na dume basi we una damu ya watu weupe, watu wa kutawala. Sisi wa "amekuja", hujui kaja Juma au Asha, tukawekwa chini. Kwa kiambishi tu! 1933 Hitler kashika nchi, mzee Meinhof ana miaka 75, akajiunga na chama cha Wanazi.

Sasa mie anayenikaa moyoni ni mwingine, Bayume Mohamed Husen. Kazaliwa Dar es Salaam 1904, vita ya kwanza akawa askari wa Mjerumani angali mtoto, 1929 akafunga safari mpaka Berlin kudai mshahara wa jeshi, wake na wa baba yake, wakamjibu amechelewa. Akabaki hukohuko, akahudumia meza, na toka 1931 akawa anafundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za mashariki. Cheo: msaidizi. Hebu lioneni hilo darasa, koloni zenyewe hawana tena lakini bado wanajifunza lugha ya kuzitawalia, profesa wa chuo hicho anapanga ngeli ubaoni, m-wa, ki-vi, safi kabisa, ikifika "ng'ombe" ulimi unagoma, ndo anaitwa Husen aseme, wanafunzi wamfuatishe. Sauti yake wanaitaka, tena kila wiki.

1941 akatoka chuoni, na mwaka huohuo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata, kosa lake kuwa na mwanamke mweupe, hiyo wao wanaita kuchafua damu. Kesi hakuna, moja kwa moja kambi ya Sachsenhausen. Akafia humo 24 Novemba 1944. Meinhof naye kafa 1944 hiyohiyo, Februari, na miaka yake 86.

Ukifika Berlin pita Brunnenstraße, namba 193. Tazama chini, kuna kibati cha shaba kwenye njia ya miguu, kadogo kama kiganja, jina la Husen lipo.